Unga wa Mgeni

Eufrazia hakumtaka yule msichana, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Pikipiki ya mwenyekiti ilipoingia uani imembeba, begi mgongoni na sufuria mpya imefungwa kwa mpira nyuma ya siti, Eufrazia alikuwa kibarazani anapepeta unga. Aliendelea kupepeta. Alimwacha mgeni asimame juani mpaka unga ulipoisha kwenye ungo.

"Shikamoo, bibi," msichana alisema kwa mara ya pili.

"Marahaba. Hiyo sufuria ya nini? Umeambiwa kwangu hakuna vyombo?"

Dieudonne, mwenyekiti wa kitongoji, alijitia kati upesi, maana alimjua mama huyu tangu wote wawili wakiwa watoto wa wakimbizi wanaogombania foleni ya maji. "Mama Amosi, huyu ndiye Hadia. Yuko kidato cha tatu, Mpanda mjini. Ni mmoja wa wale wa mafunzo ya utafiti ya likizo. Tulikubaliana mkutanoni atakaa kwako."

"Nyie ndio mlikubaliana. Mimi nilinyamaza."

"Mimi ni Mwislamu, bibi," Hadia alisema, wala hakuinamisha macho. "Nimeambiwa huku mnafuga nguruwe. Nitapika kwenye sufuria yangu mwenyewe, usipate usumbufu."

Sasa niambie. Mtu hajapewa kiti, hajanywa maji, keshaanza kusema nguruwe wa watu. Eufrazia alimtazama kuanzia ushungi hadi raba, akaamua palepale kwamba huyu ni mtoto wa duka, aliyelelewa nyuma ya kaunta, asiyejua jembe linashikwa upande gani. Kuhusu duka hakukosea. Athuman, baba yake Hadia, anauza misumari na mabati karibu na stendi ya Mpanda.

"Chumba kile," alisema, akionyesha kwa kidevu. "Mlango unafungwa kwa kamba. Sina kufuli la wageni."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kituo kimoja cha utafiti kilikuwa kimechagua wanafunzi wa sekondari wanaofanya vizuri kwenye sayansi, kikawachukua likizo ya mwezi wa sita wajifunze utafiti kwa kuufanya, si kwa kuunakili ubaoni. Wengine walibaki mjini kwenye karakana, wanaunda mashine ya kukwangua mihogo. Wengine walipelekwa vijijini kupima unga. Mihogo ya huku Mishamo mingi ni michungu, na mihogo michungu ina sumu yake ya kuzaliwa nayo. Ikilowekwa ikalainika vizuri, sumu hutoka na mtu hula ugali wake kwa amani. Kituo kilitaka kujua kama katika kitongoji cha Isenga sumu hiyo hutoka kweli.

Eufrazia aliyasikia hayo mkutanoni akacheka kwa pua. Tangu wazazi wake walipovuka kutoka Burundi, watu wenye kalamu hawajaacha kuja. Wamehesabu watu, wamehesabu mbuzi, wamehesabu vyoo. Wanaondoka na majibu yao, na asante hawarudi kuisema. Sasa wameleta watoto wa shule waje kumpima unga yeye, ambaye wanunuzi wa Mpanda hupita nyumba za wenzake wote wakiulizia "unga wa Mama Amosi". Mweupe, laini, hauna harufu. Alijivunia unga ule kuliko mwanawe wa kumzaa, na kusema kweli mwanawe hakumpa mengi ya kujivunia. Amosi alikuwa Inyonga kwenye mashamba ya tumbaku, na ukimpigia simu jibu lake kwa kila jambo ni "mtakavyoamua wenyewe".

Na jambo la kuamua lilikuwepo. Glory, binti wa Amosi, alikuwa na miaka saba na hakutembea kama watoto wenzake. Mwaka jana, kiangazi kikiwa mwishoni, aliamka asubuhi miguu imekakamaa. Tangu hapo anatembea kwa ncha za vidole, magoti yanagongana, mkono ukutani. Siku chache kabla, mama yake, Gaudensia, alimpakia kwenye baiskeli wakaenda kuteka maji, wakateleza wakaanguka. Gaudensia aliapa kwamba mtoto hakuumia, hata kulia hakulia. Eufrazia hakutaka kusikia. Alisema mbele ya majirani kwamba mkamwana wake amemlemaza mjukuu wake kwa uzembe, akalisema kanisani, akalisema kisimani, mpaka yule mwanamke akakusanya nguo zake akarudi kwao Kasokola. Mtoto akabaki.

Sasa Gaudensia alikuwa ametuma neno: Jumapili baada ya ibada atakuja na kaka yake, wazee wakae, na apewe mwanawe. Eufrazia alijibu aje tu. Aliyelemaza mtoto hawezi kupewa mtoto huyohuyo ammalizie, ndivyo wazee wangesema, na Glory angebaki hapa moja kwa moja. Hicho ndicho alichokitaka duniani. Alikuwa amezika mume na watoto wawili, huyu mmoja hamtoi.

*

Msimamizi wa wanafunzi aliitwa Polycarpe. Alikuja kesho yake na gari la kituo, kijana mrefu, mwenye haraka, anayeongea na watu wazima huku anatazama simu. Aliwakusanya kina mama wa Isenga akawaambia wampe Hadia unga wanaokula nyumbani, kijiko tu.

"Ila kuna sharti," alisema. "Mwenye nyumba atoe mwenyewe, kwa mkono wake na kwa hiari yake. Sisi hatuchoti cha mtu. Kisichotolewa hivyo hakihesabiki."

Kina mama walitikisa vichwa. Sharti lilikuwa zuri, lina heshima.

Kilichofuata hakikuwa uongo, nataka kieleweke hivyo. Kila nyumba ya Isenga ina unga wa aina mbili, wala si siri, ni adabu. Kuna unga wa mihogo iliyolowekwa ikalainika mpaka nyuzi zinachomoka zenyewe, ikaanikwa mkekani, ikatwangwa ikachekechwa. Huo unauzwa, na unaobaki ni wa mgeni. Halafu kuna wa kwenye debe, wa mihogo iliyochovywa majini kwa haraka kwa sababu maji hayatoshi na njaa haisubiri, ikapondwa, ikaanikwa, ikaliwa. Kumpa mgeni wa kwenye debe ni kumwambia machoni kwamba hana maana. Basi Hadia alipopita mlango kwa mlango na vichupa vyake, kila mama aliingia ndani, akafungua mfuko wa mgeni, akatoa kwa mikono miwili. Waliombwa unga wanaokula, ndiyo, waliusikia vizuri. Lakini aliyeomba alikuwa mgeni, na kwa mgeni mkono unajua wenyewe pa kwenda.

Eufrazia naye alitoa. Alitoa bila kutabasamu, akasema, "Uangalie usije ukaumwaga, unga wenyewe huu unagombewa."

Hadia alipanga vichupa vyake mezani chini ya dirisha. Katika kila kimoja alitia unga kidogo na maji, akaning'iniza juu yake kipande cha karatasi ya manjano, akafunga kifuniko kikakaza. Kazi ikaachwa mpaka kesho. Karatasi ikibaki manjano, unga ni salama. Ikigeuka kahawia, kuna sumu, na kadiri kahawia inavyokolea ndivyo sumu ilivyo kali. Glory alijivuta mpaka mezani akatazama siku nzima, kidevu juu ya mikono. Eufrazia alipita mara kadhaa na kila alipopita aliguna.

"Kama kupika ni huko," alisema, "mtakufa njaa nyie wasomi."

Karatasi zote zilibaki manjano, nyumba zote. Polycarpe aliporudi kukagua alifurahi, kwa sababu kitongoji kisicho na tatizo ni taarifa fupi.

"Isenga ni safi," alisema. "Jumapili nikija kumchukua mwanafunzi nitawatangazia wenyewe."

"Na wangu?" Eufrazia aliuliza.

"Wako, bibi, ndio bora kuliko wote."

Alilishika neno hilo akaliweka. Jumapili lingemfaa mbele ya wazee. Mtoto aliyelelewa kwa unga bora kuliko wote, nani atathubutu kusema hatunzwi?

Ndani ya nyumba, hata hivyo, vita viliendelea. Hadia alipika pembeni kwa sufuria yake, akaiosha kwa maji yake, akaianika mbali na vyombo vya wenyeji kama vile vina upele. Eufrazia alimwambia nguruwe hawana haja na sufuria yake. Hadia akajibu kwamba hata yeye hana haja na nguruwe, hivyo wameelewana. Msichana hakuwa na ulimi wa adabu, lakini alichota maji bila kutumwa na hakulalamikia kitanda, na hilo lilimuudhi Eufrazia zaidi, maana lilimpunguzia la kusema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, wanasema. Huyu alilichukua jembe bila kupewa.

Kitu kimoja hakuacha kukiuliza.

"Bibi, miguu ya Glory ilianza lini?"

"Muulize mama yake aliyemwangusha."

"Kabla hajaanguka alikuwa anakula nini?"

"Chakula. Kwani nyie kwenu mnakula misumari?"

Hadia alimtazama mtoto alivyokanyaga kwa ncha za vidole kutoka mlangoni mpaka kwenye kinu, na Eufrazia aliona jinsi alivyomtazama. Hakupenda.

*

Alhamisi Eufrazia alikwenda kung'oa maharage shambani, akarudi jua linaelekea kuzama, akamkuta mjukuu ameshiba na mgeni kimya. Hakujiuliza. Ijumaa asubuhi aliingia kufagia chumba cha mbele na akakiona kichupa kimoja peke yake mezani. Karatasi iliyokuwa ndani yake ilikuwa na rangi ya chai iliyozidi majani.

"Hii nini?"

"Unga wako," Hadia alisema. Alikuwa amekaa kitandani mwake, mlango wazi, kama aliyekuwa anamngojea.

"Wangu ulishapimwa."

"Ulionipa ulipimwa. Huu ni wa kwenye debe, nyuma ya mafiga. Jana nilitaka kumpikia Glory, nikafungua mfuko ule mweupe. Akaniambia, dada, huo siyo wetu, huo wa wageni, wetu uko huku. Akanionyesha debe. Nyumba zote ziko hivi, bibi? Wote wamenipa wa mgeni?"

Damu ilimpanda Eufrazia mpaka masikioni. Mtu kuingia jikoni kwa mtu, kufunua, kuchota. Hata wakwe hawafanyi hivyo.

"Umenipekua," alisema. "Nimekulaza, nimekupa maji, umeniingilia jikoni kama mwizi."

"Ndiyo, nimekosa. Niseme hivyo mara ngapi? Lakini itazame rangi, bibi. Mwaka jana kiangazi mlikuwa mnakula huu?"

Walikuwa wanakula huo, asubuhi na jioni. Kijito kilikuwa kimekauka, maji ya kulowekea yalikuwa ya kubembeleza, na maharage yote yalishapanda lori. Ugali na chumvi, siku nyingine majani. Glory alikuwa anakula kwa hamu kwa sababu alikuwa na njaa, na yeye Eufrazia ndiye alikuwa anammegea, matonge makubwa, kwa mapenzi.

"Tulifundishwa kabla ya kuja," Hadia aliendelea, na sauti yake sasa haikuwa ya ubishi, jambo lililokuwa baya zaidi. "Sumu ikizidi mwilini, na mboga ya maana hakuna, mtoto anaweza kulala mzima akaamka miguu imekakamaa. Ghafla, kama ilivyokuwa kwake. Siyo kuanguka, bibi. Mama yake hakumfanya kitu."

"Mbona mimi natembea? Tumekula chungu kimoja."

"Huwashika zaidi watoto."

"Na huyo mtoto atapona ukinitia hatiani?"

"Miguu haitarudi," Hadia alisema polepole. "Lakini akiendelea kula huu, inaweza kuwa mibaya zaidi."

Eufrazia alikichukua kile kichupa, akaenda nacho jikoni, akakitupa motoni. Moshi mchafu ukapanda. Aliporudi, msichana alikuwa amesimama mlangoni.

"Choma, bibi. Debe bado lipo."

"Toka kwangu."

"Natoka. Usimpe tena huo unga. Nakuomba hilo tu, mengine utanitukana baadaye."

Alikwenda na begi lake na sufuria yake kwa Dieudonne, na mchana habari zikarudi zenyewe, maana Isenga habari hazihitaji nauli. Hadia alikuwa amempigia simu Polycarpe akamweleza kila kitu, na Polycarpe amemgombeza mbele ya mke wa mwenyekiti, simu ikiwa kwenye spika. Unga uliochotwa bila mwenyewe kutoa haukuwa sampuli, alisema, ulikuwa wizi. Kuhusu mambo ya unga wa wageni, hayo ni maneno ya mtoto. Akithubutu kuyasema Jumapili, mafunzo yake yameishia hapo na shule itaandikiwa.

Eufrazia alizisikia habari hizo akakaa kwenye kigoda. Alikuwa ameokoka. Lisilotoka mkononi mwake halikuwepo, na mkono ulikuwa wake.

Jioni ulifika wakati wa kusonga ugali. Alisimama kati ya mfuko na debe kwa muda. Kuufungua mfuko wa mgeni wakati hakuna mgeni, jirani angeona, angeuliza, na mke wa mwenyekiti angejua jibu. Kubadilisha unga kulikuwa kukiri. Aliogopa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa kitu, na mtu mwenye hofu hufanya lile alilolizoea. Alichota kwenye debe. Glory alikula akaomba tena, akapewa. Jumamosi ikawa hivyohivyo.

*

Jumapili mabenchi ya kanisa yaliletwa uani kwa Eufrazia. Wazee walikaa mbele, kina mama nyuma, na Polycarpe akasimama kwanza kwa sababu alikuwa na safari. Aliwapongeza watu wa Isenga kwa unga salama. Akamtaja Mama Amosi kwa jina. Watu walipiga makofi. Hadia alikuwa pembeni, sanduku la vichupa magotini, akanyoosha mkono, na Polycarpe akamwambia kwa sauti ya chini ambayo hata wa nyuma waliisikia, "Shusha mkono." Akaushusha. Macho yake hayakumwacha Eufrazia.

Kisha ikaja zamu ya Gaudensia. Alikuwa amekonda. Alikuja na kaka yake, Kelvin, fundi baiskeli, aliyekaa amekunja ngumi juu ya mapaja muda wote. Glory alipomwona mama yake alitaka kumwendea, magoti yakagongana akaanguka, na Eufrazia akamwahi akamkalisha miguuni pake.

"Mnaona," Eufrazia aliwaambia wazee. "Mnaona alichokifanya. Nimemchukua mtoto amevunjika, nimemlisha unga ambao leo umesifiwa mbele yenu. Na huyu anakuja na mikono mitupu kutaka nini? Mtoto siyo kuku, useme nirudishie kuku wangu. Alipokuwa mzima hukumtunza. Sasa kilema utamweza?"

Kelvin alisimama, mzee mmoja akamwamuru akae. Walimwambia Gaudensia aseme. Watu walitazamia mayowe, maana mwaka mzima alikuwa amekana kwa mayowe, kwa viapo, kwa kuita jina la Mungu. Safari hii alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, mikono kifuani.

"Mama," alisema, "nilimwangusha. Umesema kweli. Nilikuwa na haraka, sikumshika vizuri. Mimi ndiye niliyemlemaza. Nisamehe. Kumchukua sitaki tena. Nipe tu kibanda cha nyuma nikae, nimwogeshe, nimbebe kwenda shule. Unitume kazi unayotaka."

Mzee wa kwanza alishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akasema, "Basi, mama, mwenyewe amekiri. Unasemaje?"

Hayo ndiyo Eufrazia aliyoyataka. Yalikuwa pale miguuni pake, yote, zaidi ya alivyoomba: mtoto, na mama wa mtoto amepiga magoti, na wazee wamesikia. Kilichobaki kilikuwa kusema neno moja, na hata neno lenyewe lingeweza kuwa la huruma, lingempa sifa. Alifungua mdomo. Alimwona Gaudensia anamtazama kwa macho ya mtu anayeamini anachokisema, maana ukimwambia mtu jambo mwaka mzima, mwishowe hulikubali. Alisikia chuki yote aliyokuwa nayo kwa mwanamke huyu, na bado ilikuwepo, haikupungua hata kidogo, lakini haikuwa na pa kushika tena. Ilirudi ikamkalia yeye.

Aliinuka akaingia jikoni. Watu walidhani amekwenda kulia. Alitoka amebeba debe kwa mikono yote miwili, tumbo mbele kwa uzito, akalipitisha katikati ya wazee akalitua mbele ya Hadia.

"Leta kichupa," alisema.

Hadia hakusogea. Polycarpe akasema, "Bibi, hiyo kazi imekwisha."

"Wewe nyamaza. Ulitaka mwenye nyumba atoe mwenyewe." Aliingiza kiganja, akakitoa kimejaa, akakishika hewani mbele ya watu wote. "Huu ndio unga tunaokula. Ule mliopigia makofi ni wa wageni. Mnajua, nyie wote mnajua, hata kwenu uko. Huu una sumu, mtoto huyu wa duka aliupima nikamfukuza. Huu ndio uliomlemaza Glory. Siyo baiskeli." Alimgeukia mkamwana wake, na maneno yaliyotoka hayakuwa laini, maana hakuwa na laini. "Inuka hapo. Usipige magoti kwa kitu ambacho hukufanya."

Nyuma kina mama walianza kunong'ona, na katika kunong'ona kule hapakuwa na huruma. Mmoja alisema kwa sauti kwamba sasa nani atanunua unga wa Isenga. Mwingine akasema huyu mama siku zote hujiona, na leo ameamua kuwazamisha wote pamoja naye. Dieudonne aliomba utulivu, hakuupata. Hadia alikinga kichupa, na Eufrazia akatia unga kwa vidole viwili, kwa uangalifu, asimwage.

Gaudensia alikuwa ameinuka. Vumbi lilikuwa magotini na hakulipangusa.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Ijumaa asubuhi."

"Ijumaa." Alilirudia kwa utulivu. Alimtazama Glory, aliyekuwa bado amekaa chini, anachora ardhini kwa kidole. "Na tangu Ijumaa mwanangu amekula nini?"

Eufrazia angeweza kusema uongo hapo, na hapana ambaye angejua isipokuwa mtoto. Kiganja chake kilikuwa bado na unga.

"Huuhuu," alisema.

Kelvin alikunjua ngumi. Gaudensia aliinama, akamwinua binti yake, akamweka mbavuni ingawa alikuwa mkubwa wa kubebwa hivyo, akapita katikati ya mabenchi bila kuuliza wazee wameamua nini. Glory alimshika mama yake shingoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamwita bibi yake awafuate, kama anavyofanya mtoto anapodhani watu wanakwenda sokoni na watarudi wote. Aliita mara kadhaa. Eufrazia alibaki amesimama kando ya debe mpaka walipopinda barabarani, halafu mwenyekiti akawaambia vijana warudishe mabenchi kanisani.